Do ya Wimbo wa Kusagia

Mwalimu Mathayo alikuwa na sikio, na hilo hakuna aliyembishia. Hata waliomwona ana maringo, nao hawakuwa wachache, walikubali kwamba sikio analo. Ukigonga sufuria mbele yake alikuambia hiyo ni nota ya G. Mlango wa ofisi ya kijiji ukilia kwa bawaba kavu, alisimama, akainamisha kichwa, akasema hiyo ni E ila imeshuka kidogo. Kengele ya kanisa la Kisonga ilikuwa rimu kuukuu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na watoto wa shule walikuwa wakiirushia mawe makusudi ili wamsikie akiitaja sauti yake, kisha wakimbie.

Kisonga ni kijiji cha Iramba, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Kinampanda, ambako Mathayo alijifunza ualimu na nota. Mwaka huo wa 1968 watu walikuwa wamevuna shamba la ujamaa kwa mara ya kwanza, mtama ulikuwa umelijaza ghala la kijiji mpaka mlango haufungiki, na kama ilivyo kawaida baada ya mavuno mazuri, harusi zilikuwa zimepangana. Mojawapo ilikuwa ya Sara, binti yake mkubwa, aliyekuwa akiolewa na Yeremia wa Shelui, dereva wa lori la ushirika, kijana mpole ambaye kosa lake pekee machoni pa mkwewe lilikuwa kuimba besi bila kuijua.

Sara hakuomba mengi. Gauni alikuwa nalo, mama yake Anastazia alikuwa ameshapanga mpaka idadi ya kuku. Alimwomba baba yake jambo moja tu: siku ya kuingia kanisani aingie na bibi yake, na waimbiwe wimbo wa bibi wa kusagia, uimbwe na kwaya kwa sauti nne, na kinanda kipigwe.

Ombi dogo, ungesema. Lakini bibi huyo, Mama Kristina, mama yake mzazi Mathayo, alikuwa hajakanyaga sakafu ya kanisa kwa miaka thelathini na minne.

Si kwamba hakuwa mwamini. Alibatizwa, alisali nyumbani kwake kila asubuhi kwa sauti ambayo majirani waliisikia watake wasitake, na kila mavuno alipeleka mtama wake wa sadaka, akautua mlangoni, akarudi. Ila Jumapili moja ya mwaka 1934, alipokuwa mwanamke kijana mwenye furaha ya mavuno, aliingia kanisani akiimba wimbo wake wa kusagia, maana hakuujua mwingine wa kumshukuru nao Mungu. Mwinjilisti wa siku zile, mtu mgeni ambaye hata jina lake limesahauliwa, akamsimamisha mbele ya watu akamwambia nyimbo za kipagani ziachwe huko nje. Mama Kristina alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema kwamba mahali kinywa chake hakitakiwi, na miguu yake haina haja ya kufika, akatoka.

Alikuwa amemshika mkono mwanawe wa miaka minane. Mtoto yule akauachia mkono. Ndani kulikuwa na watoto wenzake, na kulikuwa na kile kinanda cha mivukuto ya miguu ambacho nesi wa misheni alikuwa ameanza kukikanyaga, nacho kilikuwa kinatoa sauti ambayo mtoto yule hakuwahi kuisikia duniani. Akabaki. Mama yake hakumgombeza, wala hakulitaja jambo hilo tena. Mathayo ndiye aliyekaa nalo. Alipokuwa mwalimu wa kwaya, na kinanda kilekile kikawa chake, kila Jumapili alipokaa kukipiga alijua kwamba mama yake yuko nyumbani, na alijua ni kwa nini.

Kwa hiyo Sara alipotoa ombi lake, Mathayo alilichukua kwa mikono miwili. Alikwenda kwa Mchungaji Melkiori, mtu wa kwao, aliyewekewa mikono baada ya Uhuru, ambaye alisema yeye haoni sababu ya Mungu kuzikataa nyimbo za Wanyiramba wakati mtama wao anaupokea. Kisha akaenda kwa mama yake. Mama Kristina alimwacha aeleze mambo ya sauti nne na kinanda mpaka mwisho, akapepeta mtama wake, akapuliza makapi, akasema, “Nitakuja mpaka mlangoni. Nikisikia ni wimbo wangu, nitaingia. Nikisikia ni kitu kingine mmekipa jina la wimbo wangu, narudi nyumbani, na usinilaumu.”

Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Mathayo hakuona shida yoyote. Kuupata wimbo kwake ilikuwa kazi ya mchana mmoja: unausikiliza, unatafuta do, ile sauti ya kwanza ya do-re-mi, iko wapi, basi. Ukishaijua do umeshaujua wimbo wote, maana sauti nyingine zote huhesabiwa kutoka pale, na kinanda nacho hujua kikamate wapi. Wasomi huita jambo hilo kutafuta ufunguo. Mathayo aliliita kutafuta nyumba. Naye alikuwa na kanuni yake ya kuitafuta, kanuni ambayo haikuwahi kumwangusha katika kitabu kizima cha nyimbo: sauti ya mwisho ya besi ndiyo do, na mara nyingi sana sauti ya mwisho ya wimbo wenyewe ni hiyohiyo. Wimbo hutoka, hutembea, hurudi nyumbani kulala. Tazama unapolala.

Siku ya kwanza alikaa kwenye kigoda nyuma ya mama yake, daftari gotini. Mama Kristina alipiga magoti mbele ya jiwe lake, akaweka mtama, akashika jiwe la juu kwa mikono miwili, akaanza kusukuma na kuvuta, na wimbo ukaanza wenyewe. Haukuwa na maneno mengi. Ulikuwa unazungumza na mtama, unauuliza umetoka wapi, unaujibia. Mathayo aliandika. Unga ulipojaa ungo, mama alinyamaza. Mathayo akainasa sauti ile ya mwisho, akaanza kuivuma puani, “mmm”, akatoka mbio kuelekea kanisani ili asiipoteze kabla ya kufika kwenye kinanda, maana sauti ya chuma aliitaja papo hapo, ila ya kinywa cha mtu hakuiandika mpaka kinanda kiithibitishe.

Hapo ndipo yalipoanza matatizo yake na Mzee Alute. Mzee Alute alikuwa mzee wa kanisa na balozi wa nyumba kumi, mtu aliyehesabu shikamoo zake kama wengine wanavyohesabu ng'ombe. Alikuwa amesimama njiani. Mathayo alimwona, akajua wajibu wake, akajua pia kwamba akifungua kinywa kusema shikamoo ile sauti imepotea. Akapita. Alijaribu kuinama kwa heshima huku akivuma, jambo ambalo lilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwani mzee alidhani anadhihakiwa.

Kinanda cha kanisa kilikuwa na herufi zilizoandikwa na yule nesi kwa wino juu ya vibao vyake. Mathayo alikanyaga, akabonyeza, akaipata: C. Akaandika juu ya ukurasa kwa mwandiko mzuri, Do ni C, akapanga sauti nne usiku na mchana, na siku ya Alhamisi kwaya ikaimba.

Haikuwa mbaya. Hilo ndilo lililomuudhi. Kila sauti ilikuwa mahali pake, hakuna aliyepotea, na bado wimbo ulikaa kama mgeni aliyekaribishwa akaketi ukingoni mwa kiti. Cecilia, kiongozi wa sauti ya pili, mwanamke asiyejua kuficha kitu, alisema yeye anaimba lakini hajui wanakwenda wapi. Sara alitazama chini tu, na baba yake akaelewa kwamba bibi angeishia mlangoni.

Akarudi kwa mama yake siku ya pili. Kigoda, daftari, mtama. Mara hii kuku aliingia kwenye ungo, mama akakatiza wimbo ili amfukuze, na Mathayo akaondoka mbio na sauti aliyoachiwa. Mzee Alute alikuwa palepale, na palepale akanyimwa shikamoo ya pili. Kinanda kikasema: D. Mathayo akapigwa na butwaa, kisha akajipa moyo. Kumbe ni wimbo wa majonzi, akajiambia, maana sauti hizohizo zikilala kwenye D hulia kama msiba, ndiyo maana jana haukukaa. Akaupanga upya kwa namna ile ya huzuni, besi ikishuka polepole kama watu wanaoteremsha jeneza. Kwaya ilipomaliza kuuimba, wanawake wawili walikuwa wanafuta machozi na Sara alikuwa amesimama.

“Baba,” alisema, “mimi ninaolewa, sizikwi.”

Siku ya tatu mama alisaga, jirani akapita kuomba moto, mama akanyamaza ili amjibu, na Mzee Alute akanyimwa shikamoo ya tatu. Kinanda kikasema: G.

Sasa Mathayo alikuwa na kurasa tatu, do tatu, na siku saba. Alizitandaza mezani, Anastazia akampa chai ikapoa, akampa nyingine ikapoa. Alihesabu sauti za wimbo moja moja na ndipo alipoona kitu ambacho maringo yake yalikuwa yamemficha. Wimbo mzima ulikuwa na sauti tano tu: C, D, F, G na A. Nyimbo za kitabuni zilikuwa na saba, na katika saba hizo kuna mbili, fa na ti, ambazo ndizo huwachongea wenzao. Fa imebanana na mi, ti imebanana na do, hakuna nafasi katikati; mtu mwenye sikio akizisikia tu anajua nyumba iko wapi hata kama wimbo haujafika. Wimbo wa mama yake haukuwa na sauti zilizobanana hivyo za kuchongea. Sauti zake tano ziliingia vizuri kwenye nyumba ya C, zikaingia kwenye nyumba ya F, na ukizilazimisha zikaingia hata kwenye nyumba nyingine ambayo do yake yenyewe haikuimbwa hata mara moja. Nyumba zote tatu zilizikubali. Ilikuwa kama kuulizia ukoo wa mtu katika vijiji vitatu, na kila kijiji kinasema ni wetu.

Mathayo alikata tamaa, na alikata tamaa kwa kelele. Alimwambia mkewe kwamba wimbo hauna do. Anastazia, ambaye alikuwa akichambua mchele wa harusi, alisema watu hawawezi kuimba kitu kisicho na mahali miaka yote hiyo, na kwamba badala ya kukaa nyuma ya mama yake na daftari kama karani wa sensa, angemuuliza.

Akaenda kumuuliza. Aliamkia vizuri, akaketi, akauliza kwa upole wote aliokuwa nao wimbo unaishia wapi.

Mama Kristina alimtazama kama anayetafuta homa usoni pake. “Unaishia unga ukitosha,” alisema.

Mathayo alirudia swali. Alisema hapana mama, simaanishi kazi, namaanisha wimbo wenyewe, sauti yake ya mwisho ni ipi. Mama akamwambia haina ya mwisho. Mtama ukiwa mchache unaachia hapa, ukiwa mwingi unaachia pale, mtu akija unamjibu, mtoto akilia unamnyonyesha, ukirudi unaendelea. Nani anasaga ili amalize wimbo? Halafu akauliza kama ndiyo hiyo waliyokuwa wanamfundisha kule Kinampanda, kuvizia mtu anyamaze.

Mara tatu mfululizo, basi, Mathayo alikuwa amebeba mbio mpaka kanisani sauti ya mtama kwisha, sauti ya kuku kuingia, na sauti ya jirani kuomba moto. Kwa ajili ya hizo alikuwa amemnyima shikamoo Mzee Alute. Kanuni yake ilitoka kwenye kitabu cha nyimbo zenye ubeti na Amina, na yeye, mtoto wa mwanamke msagaji, aliyelala mgongoni mwa wimbo huu kabla hajaota meno, hakukumbuka kwamba duniani kuna wimbo usioishia popote.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka mama naye akaanza, ingawa yeye hakujua wanacheka nini.

“Shuka hapa usage,” mama alisema alipopata pumzi. “Utaujua kwa mikono.”

Mwanamume kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, Kisonga ya siku zile, halikuwa jambo la kufanya uani mchana kweupe. Jiwe lilikuwa la wanawake, na hata wao walikuwa wakianza kuliacha kwa sababu ya mashine ya kusaga ya Kiomboi. Mathayo alitazama kulia, akatazama kushoto. Akapiga moyo konde, akakunja suruali yake ya tetroni, akapiga magoti.

Mwanzoni alisukuma kama anayesukuma lori la Yeremia, mtama ukaruka pande zote. Mama akaimba. Mathayo akasukuma, mama akasimamisha wimbo, akasema siyo hapo. Akaanza tena. Akasukuma, siyo hapo. Mara ya nne hakusukuma kwa kufikiri. Alikuwa amechoka, mabega yanauma, akaacha wimbo umvute. Mikono ikaenda mbele kwenye sauti ya juu, ikarudi kwenye zile za katikati, na palipofika sauti moja fulani mwili mzima ukataka kushuka. Ukashuka. Jiwe likala mtama kwa mlio mnene. Wimbo ukazunguka, sauti ile ikarudi, na mwili ukashuka tena palepale, si kwa sababu mtu ameuambia. Haikuwa sauti ya mwisho wala ya kwanza. Ilikuwa sauti ya uzito. Sauti nyingine zote zilikuwa njia ya kuiendea na njia ya kutoka kwake.

Akajaribu kitu. Wakati mama akiimba, yeye akaivuma hiyo moja tu, chini kabisa, bila kuhama. Wimbo ukapita juu yake wote, mzunguko mzima, bila kugombana nayo hata mahali pamoja. Akahamia ile ya siku ya kwanza, akaivuma, ukaning'inia. Akarudi kwenye ile ya uzito, ukatulia. Mama Kristina hakuacha kuimba, lakini alitikisa kichwa kukubali, na Mathayo alijisikia mwenye furaha kuliko siku aliyopewa cheti.

Aliinuka na unga magotini, sauti yake puani, akaenda kanisani kwa kuzungukia kwenye mabua ya mtama ili asikutane na Mzee Alute. Kinanda kikasema: F.

Kilichofuata nacho kisisahauliwe. Wanawake watatu wa kwaya walikuwa wamepita kwa Mama Kristina wakienda kisimani, na waliyoyaona waliyaona. Kabla ya jua kushuka Kisonga nzima ilijua kwamba mwalimu wa kwaya anasaga. Siku ya mazoezi Cecilia aliingia na debe la mtama kichwani, akalitua mbele ya kinanda kwa heshima zote, akasema mwalimu akipata nafasi awasagie, ila wasije wakaletewa unga mnene. Watu walivunjika mbavu. Mathayo naye alicheka, kisha akawaambia wote wapige magoti sakafuni.

Waliimba wakiwa wamepiga magoti, mikono ikienda mbele na kurudi, wanaume wa besi wakiona haya kama maharusi. Hakuwaambia do iko wapi. Aliwaacha waiangukie. Ilipofika mara ya tatu kanisa zima lilikuwa linashuka pamoja mahali pamoja, na alipokiingiza kinanda, Do ni F, hakuna aliyekisikia kikiingia, kilikaa tu chini yao. Cecilia alisema sasa anajua wanakwenda wapi. Sara alikuwa amesimama dirishani. Aliondoka mbio kwenda kwa bibi yake.

Mathayo alikwenda pia kwa Mzee Alute, akatoa shikamoo tatu alizokuwa akidaiwa, akaeleza habari za puani. Mzee alizipokea zote tatu, moja moja, akasema angalau mwalimu angekuwa anapunga mkono.

Jumamosi ya harusi ilikuwa na upepo na jua. Lori la ushirika lilitoka Shelui limefungwa kanga na majani ya migomba yaliyotafutwa kwa shida. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Yeremia alisimama mbele na suti iliyombana makwapa. Na mlangoni, nje, hatua moja kutoka kizingiti, alisimama Sara na gauni lake jeupe, na kando yake Mama Kristina, amejifunga kanga mpya, uso mkavu.

Mathayo alitoa sauti. Kwaya ikaanza. F ikakaa mahali pake, besi ikashuka vizuri, wimbo ukaanza kuuliza mtama umetoka wapi. Kutoka kwenye kiti chake aliuona mlango kwa upande wa jicho. Mama hakusogea. Wimbo ukazunguka mara moja. Mama hakusogea. Ukazunguka mara ya pili, na Sara, ambaye angeweza kuingia, alibaki pale kando ya bibi yake. Mchungaji alikohoa. Mathayo alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kwa muda ule hakuwa na zaidi ya minane. Aliwaza kwamba ameukosea tena, kwamba mama atageuka sasa hivi na kuondoka, na kwamba hii ni mara ya pili anabaki ndani kwa sababu ya kinanda.

Ndipo Mama Kristina akafungua kinywa.

Aliushika wimbo katikati, kama anavyoushika mtu aliyetoka kumjibu jirani. Sauti yake iliingia kabla yake, ikapita juu ya vichwa, na miguu ikaifuata. Aliingia. Akakanyaga sakafu ya saruji kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, Sara kando yake, na vigelegele vikalipuka kutoka madirishani.

Lakini hakuimba kwenye F. Nyumbani huimba amepiga magoti, ameinama juu ya jiwe. Leo alikuwa amesimama wima, ana furaha, kifua wazi, na wimbo ulikuwa umepanda naye. Umepanda kidogo tu, nusu ya hatua, na hiyo nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Wanawake wa kwaya hawakujiuliza mara mbili: waliachana na kinanda wakamfuata yeye, wakifuatwa na wanaume. Mathayo akabaki peke yake na F yake, na mahali pale palisikika kama magari mawili yanayopishana kwenye daraja jembamba.

Aliinua mikono. Miguu ikaendelea kukanyaga, kinanda kikipumua bila kusema kitu. Hapakuwa na daftari wala muda. Alitazama miguu ya mama yake. Mama alikuwa anatembea jinsi anavyosaga, hatua nyepesi, nyepesi, halafu moja yenye uzito, na pale ulipoangukia uzito Mathayo alisikia do. Akaitafuta kwa kidole. Haikuwa F. Haikuwa G. Ilikuwa katikati, kwenye kibao cheusi, mahali ambapo nesi hakuandika herufi na ambapo Mathayo, miaka yote ya kukipiga kinanda kile, hakuwahi kujenga nyumba yoyote kwa kuogopa kupotea.

Akabonyeza. Ikakubali. Akatafuta re, ikawa nyeusi. Mi, nyeusi. So, nyeusi, la, nyeusi. Vibao vyeusi, kutoka do moja hadi do inayofuata, ni vitano tu, na wimbo wa mama yake ulikuwa na sauti tano tu, na vilikuwa ni hivyohivyo, vyote, vimekaa pale vimepangwa tangu kiwandani. Hapakuwa na cheupe hata kimoja cha kumkosesha. Asingeweza kukosea hata kama angetaka. Mathayo alicheka kwa sauti mbele ya mchungaji na wakwe, akaweka mikono yote miwili juu ya vyeusi, na kinanda kikaingia chini ya mama yake.

Mama Kristina alisikia. Hakugeuka, lakini aliongeza sauti, na mwendo wake ukawa wa kuringa. Walikwenda hivyo mpaka mbele, kanisa zima likishuka pamoja kwenye kila hatua ya uzito, na Mzee Alute akipiga makofi mahali pasipo pake. Sara alipofika kwa Yeremia, bibi alimtazama, akaona yametosha, akanyamaza palepale katikati ya mstari. Kwaya ikajikwaa sauti mbili mbele, ikanyamaza nayo.

Wanawake wa benchi la kwanza walisogea. Mama Kristina aliketi karibu kabisa na kinanda, akaweka kanga yake sawa magotini, akasema kwa sauti ya chini kwamba pale mwanzo mwalimu alichelewa. Mathayo alisema ni kweli, nilichelewa, mama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mchungaji Melkiori akafungua kitabu, akataja wimbo wa kwanza wa ibada na namba yake. Watu wakasimama, wakageuza macho kwa mwalimu wa kwaya awape sauti ya kuanzia, kama ilivyokuwa kila Jumapili. Mathayo aliutazama ukurasa. Juu yake palikuwa pameandikwa do ilipo, kwa herufi kubwa. Akaufunika kwa kiganja, akamwinamia mama yake.

“Mama,” alisema, “tupe sauti.”

Wimbo huo Mama Kristina aliujua. Alikuwa ameusikia kutoka uani kwake, upepo ukivuma upande ule, miaka thelathini na minne. Alifikiri kidogo, akavuta pumzi, akaivuma do pale alipotaka yeye iwe. Mathayo akaitafuta kwenye kinanda mpaka akaipata, na kanisa zima likaanzia hapo.